Matandazo ni mazuri, lakini mkono usitangulie jicho

Mhariri,

Toleo lenu la Jumamosi, wiki mbili zilizopita, lilikuwa na ukurasa mzima wa kilimo cha bustani za nyumbani. Niliusoma mara mbili, kisha nikamsomea mjukuu wangu. Mwandishi ameeleza vizuri namna ya kutandaza majani makavu juu ya tuta ili unyevu usipotee, namna ya kulundika mboji karibu na banda la kuku, na namna ya kuzungushia wavu ili kuku wasichakure miche. Yote hayo nayafanya. Lakini ukurasa wote ule, kutoka juu mpaka chini, haukuwa na neno hata moja juu ya wale wengine wanaoyapenda majani makavu, joto la mboji na kivuli cha banda la kuku: nyoka, nge na wenzao. Naomba nafasi niliseme mimi neno hilo, kwa sababu karatasi hii ninayoandikia nimeibana mezani kwa mkono wa kushoto wenye kidole kimoja kisichokunjika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Muheza, mkoani Tanga. Nyuma ya nyumba nina kibustani: matembele, mchicha, bamia, nyanya chungu, migomba mitano, na michungwa miwili aliyoipanda marehemu mume wangu. Si bustani ya biashara. Ni ya mboga ya nyumbani, na kikizidi kidogo namgawia jirani.

Ilikuwa mwezi wa Mei, masika yamechanganya. Saa kumi na mbili na robo jioni nikakumbuka kwamba sijachuma mboga ya usiku. Nikatoka na ndala miguuni na ungo mkononi. Matembele yalikuwa yametambaa mpaka chini ya migomba, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimetandaza majani makavu ya mgomba, kina cha kiganja kizima. Nikainama. Mkono wa kulia ukaunyanyua mti wa tembele, wa kushoto ukaingia chini ya majani kukwanyua vikonyo. Nikasikia mlio, fyuuu, kama tairi la baiskeli linalotoa upepo. Nikadhani ni maji yanapita mferejini. Halafu nikahisi nimepigwa nyundo kwenye kidole cha pete.

Sikumwona akiniuma. Nilimwona nilipokwisha kuvuta mkono: mfupi, mnene kama kigasha changu, kichwa bapa, na mgongoni michoro ya kahawia na nyeusi iliyofuatana kama herufi V nyingi zilizopangwa mstari mmoja. Ukiyatazama majani ya mgomba yaliyokauka halafu ukamtazama yeye, huoni majani yanaishia wapi na nyoka anaanzia wapi. Alikuwa kifutu, ambaye wengine humwita moma, wengine bafe. Hakukimbia. Alibaki pale pale amejikunja, anavimba na kufoka.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tumezoea kuambiwa kwamba nyoka akisikia kishindo cha miguu atajiondokea, na kwa nyoka wengi ni kweli. Kifutu sivyo. Yeye hutegemea rangi yake. Hulala kimya akimvizia panya au chura, na unaweza kumpita mara kumi asijitingishe, mpaka siku utakayomkanyaga au kumpelekea vidole mdomoni. Na shughuli zake nyingi ni za jioni na usiku, saa ile ile ambayo sisi kina mama tunakumbuka mboga.

Majirani walikuja mbio, na Mungu awalipe, maana walikuja kwa upendo. Mmoja akachana upindo wa kanga akanifunga juu ya kiwiko, akaukaza kwa kijiti mpaka vidole vikawa baridi. Wa pili alikuwa na wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Wa tatu alikwenda kuleta jiwe la nyoka, lile jeusi la kubandika kwenye kidonda. Wengine wakataka kumsaka kifutu wamuue ili nimpeleke kwa daktari. Katikati ya kelele zile mjukuu wangu, wakati huo yuko kidato cha tatu na ni skauti, akaja akasimama mbele yangu, akainua mikono yake miwili na kusema, "Bibi hachanjwi." Alilisema mara tatu. Mtoto yule sijawahi kumsikia akiwapandishia watu wazima sauti, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Akaingia jikoni akatoka na mwiko wa kusongea ugali. Akaulaza chini ya mkono wangu kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, akaufunga kwa kanga bila kukaza, akanining'iniza mkono shingoni. Ule mwiko ndio uliokuwa banzi langu. Maana yake, alikuja kunieleza baadaye tabibu, ni kwamba mkono ukitulia, misuli haisukumi sumu kwa kasi kwenda mwilini. Ndiyo sababu pia mtu aliyeumwa mguu hatakiwi kutembea, hata kama anajiona ana nguvu. Abebwe.

Jambo moja tulilisahau, nami naomba wasomaji walishike kuliko yote: pete. Mjukuu alipokumbuka kunivua, zilikuwa zimeshapita kama dakika kumi. Kidole kilikuwa kimefura kama ndizi mshale na pete ya ndoa imezama ndani ya nyama. Akajaribu kwa sabuni, akajaribu kwa mafuta ya nazi, haikusogea. Kule zahanati tabibu aliikata kwa koleo, huku mimi nimegeuza uso ukutani. Ninazo nusu zake mbili kwenye kikopo. Mtaalamu wa upasuaji aliyenihudumia mwishoni aliniambia kwamba kidole kile kiliumia kwa sumu, na kiliumia tena kwa kubanwa na pete. Ukiumwa mkononi, hata na nge, hata na nyuki, vua pete, bangili na saa kabla hujaita mtu. Ukiumwa mguuni, vua kikuku, vua kiatu.

Tulikwenda kwa bodaboda, mimi katikati, mjukuu nyuma yangu amenishika. Njia ile ilikuwa ya matope. Pale zahanati nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelisikia miaka yote niliyofundisha sayansi. Nilimwomba tabibu anifungue haraka ile kanga ya juu ya kiwiko, maana maumivu yake yalikuwa yanashindana na ya kidole. Akakataa. Kwanza akaniwekea mpira wa dripu mkono wa pili, akaandaa vifaa vyake, ndipo akaanza kulegeza kidogo kidogo huku ananitazama usoni. Akasema kamba iliyokazwa inazuia damu kufika kwenye nyama, kwa hiyo nyama inakufa, na kwa sumu kama ya kifutu inayoharibu nyama pale pale ilipoingia, kamba inaifungia sumu mahali pamoja ili iharibu zaidi. Lakini ikishafungwa muda mrefu, kuifungua ghafla nako kunaweza kuiachia sumu yote iingie mwilini kwa mkupuo. Kwa hiyo usifunge. Na kama umekuta mgonjwa ameshafungwa kitambo, kimbia naye kwa watu wa afya wakamfungue wao.

Zahanati haikuwa na sindano ya nyoka, yaani dawa ya kuzima sumu. Simlaumu yeyote pale, walifanya kila walichoweza na walinitafutia gari. Hospitalini tulifika saa tatu usiku, na uvimbe umeshafika kwenye kiwiko. Nesi alichukua kalamu ya wino akachora mstari pale uvimbe ulipokomea, akaandika saa pembeni yake. Kila baada ya muda alirudi akachora mwingine. Ngozi yangu ikawa kama rula. Kisha akavuta damu kidogo, akaiweka kwenye kichupa cha kioo kisafi na kikavu, akakisimamisha mezani, akatukataza kukigusa. Nilimuuliza anasubiri nini. Akasema, "Dakika 20, mwalimu. Ikiwa imeganda, afadhali. Ikibaki maji, sumu imeharibu mgando wa damu." Nilikitazama kichupa kile kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote. Dakika 20 zilipotimia akakiinamisha taratibu. Damu ilikuwa imeshikana, haikumwagika. Lakini kwa kuwa uvimbe ulikuwa umekwishavuka kiwiko na bado unapanda, wakaamua kunipa dawa, huku adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu ambaye mwili wake umeikataa ile ya kwanza, imevutwa tayari kwenye bomba la sindano kando yangu. Dawa ile hutengenezwa kwa damu ya farasi waliochomwa sumu kidogo kidogo mpaka miili yao ikajenga kinga, kwa hiyo kuna watu ambao miili yao huikataa kwa nguvu. Ndiyo sababu haipewi nyumbani wala dukani, hata kama mtu ameipata.

Nililazwa siku 19. Ngozi ya kidole ilitoka malengelenge, ikawa nyeusi, ikatolewa. Nina mkono, nina kidole, nashukuru. Ila siwezi tena kuvunja nazi kwa namna niliyoizoea.

Sasa nirudi bustanini, maana mboga bado nalima.

Marehemu baba yangu alikuwa mkata mkonge. Wazee wa Tanga wanaijua kazi ile: unaingia mstarini alfajiri, unakata majani na kufunga matita ya majani 30, umeinama kutwa kwenye mashina ambamo nyoka hulala. Baba hakuwahi kuumwa. Nilipokuwa mdogo nikimpelekea uji nilimwona kila akifika kwenye shina jipya analigonga kwa mgongo wa kisu mara mbili, anasimama, anasubiri, ndipo anainama. Nilidhani anapumzisha kiuno. Nimekuja kumwelewa nikiwa nimelala kitandani na mkono umefungwa bendeji. Siku hizi nina reki yenye mpini mrefu, na ndiyo inayotangulia kila mahali. Naligonga tuta, nasikiliza, nayafunua majani kwa meno ya reki, natazama, ndipo mkono unafuata. Kifutu hatoki kwa kugongewa, lakini mara nyingi hufoka, na kule kufoka kwake ndiko kunakokuokoa ukiwa na masikio ya kumsikiliza. Mimi nilimsikia, sikumsikiliza.

Matandazo sijayaacha, maana masika yakikatika udongo wa kwangu hupasuka. Nimeyapunguza unene, nayaweka kwenye tuta tu, na kila tuta nimelizungushia njia tupu ya upana wa hatua moja, naifagia kama uwanja wa nyumba. Nyoka akipita pale ataonekana. Matembele yanayotambaa kutoka nje ya tuta nayakata. Mboga nachuma asubuhi, jua likishakaa vizuri, naiweka ndani kwenye beseni la maji, jioni ipo. Hilo la kubadili saa ya kuchuma halikunigharimu hata senti, na nadhani ndilo lililonisaidia kuliko yote. Ikibidi kutoka magharibi, hata kwenda chooni tu, natoka na tochi na viatu.

Miguuni navaa gambuti. Mikononi navaa glavu za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea vyuma. Watu hunicheka, waache wacheke. Nasema wazi kwamba glavu si dhamana mbele ya kifutu, kwa maana meno yake ni marefu. Lakini zinafaa sana kwa nge, tandu na miiba ya michungwa. Gambuti zenyewe usizivae hivi hivi. Zipindue, zigonge kisigino, kisha uvae. Mjukuu wangu alipindua ya kwake asubuhi moja akaanguka nge mdogo, mkia umepinda.

Na kwa kuwa nimemtaja nge: huyo hukaa chini ya matofali, mawe, magunia na vyungu vya miche. Ukitaka kugeuza tofali, ligeuze kutoka upande wa mbali na wewe, ukilivuta kwako ili liwe ngao kati yako na kilichomo. Watoto wengi huogopa yule nge mkubwa mweusi mwenye magando mapana. Kwa kawaida wa kuogopwa zaidi ni yule mwenye magando membamba na mkia mnene. Mtu mzima akichomwa na nge mara nyingi atalia kwa maumivu usiku mmoja na kupona. Mtoto mdogo apelekwe hospitali bila kusubiri kuona.

Nyuki na nyigu nawapitia haraka, maana kila mtu anawajua, ila jambo moja halijulikani vya kutosha. Mwiba wa nyuki ukibaki mwilini unaendelea kusukuma sumu, kwa hiyo uondoe papo hapo kwa kukwangua kwa ukucha. Usipoteze muda kutafuta kibanio. Na mtu ambaye midomo inavimba, anakohoa na pumzi inambana baada ya kuumwa hata na nyuki mmoja, huyo hana muda. Wengi huuangalia uvimbe wa mkono wakasahau kusikiliza kifua.

Banda la kuku linataka maneno yake. Mwandishi wenu alishauri mboji iwe karibu na banda ili kubeba mbolea kuwe rahisi. Kwa bustani ni ushauri mzuri, kwa usalama naupinga. Pumba na punje zilizomwagika huvuta panya, panya na mayai humvuta swila. Mtaani kwetu mtoto wa miaka tisa alikwenda kuokota mayai, akapiga magoti kuchungulia chini ya kiota, akatemewa mate ya swila machoni. Alilia kilio cha kuogopesha. Mama yake alikuwa na akili iliyotulia: akamlaza ubavu chini ya bomba, akamfungua kope kwa vidole, maji yakatiririka machoni zaidi ya robo saa, ndipo wakaenda hospitali. Macho ya yule mtoto ni mazima, anasoma. Hapakuwekwa maziwa ya mama, hapakuwekwa majani ya kusaga. Maji safi, mengi, yanayotiririka. Sasa mboji yangu iko mwisho wa kiwanja, naigeuza kwa jembe la meno mchana tu, na kuni zangu nimezipanga juu ya mawe mbali na ukuta wa nyumba.

Na ule wavu wa kuzuia kuku. Nyoka akipenya nusu hunasa kwa magamba yake, hawezi kurudi wala kuendelea. Ukimkuta, usijaribu kumnasua kwa mkono, na usidhani amekufa kwa sababu ametulia. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma muda mrefu baada ya kutengana na mwili. Watu huumwa wakimwua nyoka na wakimbeba nyoka waliyekwisha kumwua. Daktari hahitaji kuletewa mzoga. Kama mtu anaweza kumpiga picha kwa simu akiwa mbali, vizuri. Kama hawezi, dalili za mgonjwa zinamtosha daktari kuanza kazi.

Hapo kwenye dalili nataka nikae kidogo. Jirani mmoja aliniambia, kwa nia njema, kwamba angeumwa yeye angengoja aone kama kunavimba. Kwa kifutu kutavimba, naam. Lakini kuna sumu isiyovimbisha sana. Koboko akikuuma, pale mahali panaweza kuonekana kama mchubuko wa mwiba tu, kisha kope zinaanza kulegea, maneno yanakuwa mazito, mate hayamezeki, na mwisho misuli ya kupumulia inasimama. Anayengoja uvimbe hapo anangoja kitu kisichokuja. Usingoje. Na njiani mlaze mgonjwa kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimpe pombe, wala usimpe dawa za maumivu kama aspirini zinazoongeza kutokwa na damu.

Wenzetu wa milimani, wa huko Amani, wanaochuma iliki chini ya msitu, nao wana wao: kanyoka kadogo ka Usambara chenye vijipembe vya magamba juu ya macho, hukaa kwenye vichaka vifupi, usawa wa goti na kiuno. Kwao kutazama chini hakutoshi.

Nimesikia mengi tangu niumwe. Nimeshauriwa kumwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba, kuchoma ndala za zamani, kupanda mchaichai na kitunguu saumu. Mafuta ya taa yanaharibu udongo unaotulisha. Mchaichai nilikuwa nao hata kabla ya kuumwa, na kichaka chake kikinenepa ni maficho mazuri kama kichaka kingine. Lile jiwe jeusi, wanasema wanaolitengeneza, ni mfupa uliochomwa. Linaganda kwenye kidonda kwa sababu linanyonya majimaji ya juu, na sumu imeshapita zamani. Watu huliamini kwa sababu nyoka wengi wanaotuuma hawana sumu, na hata wenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Mgonjwa wa namna hiyo angepona hata kwa kupakwa unga. Nimefundisha watoto wengi, na mimi pia zamani niliwaambia jambo lisilo kweli: kwamba watoto wa kifutu hupasua tumbo la mama yao wakitoka. Hawapasui. Kifutu huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa uzao mmoja, naye huendelea na maisha yake. Kwa hiyo ukimkuta mdogo bustanini jua huenda hayuko peke yake, na udogo wake usikudanganye, ana sumu tangu siku aliyozaliwa.

Mhariri, hili si jambo la Muheza peke yake. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kwa makadirio yao, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu, kama mimi, ni takriban mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima na watoto. Neno "yaliyosahauliwa" lina maana yake. Dawa moja iliyokuwa ikitegemewa sana Afrika, ikitengenezwa Ufaransa, ilisimamishwa kuzalishwa mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake Juni 2016. Waliokuwa wakiinunua walikuwa wachache, na waliokuwa wakiihitaji hawakuwa na fedha.

Mimi nilitibiwa kwa kadi ya bima ya utumishi wangu. Kitanda cha jirani yangu wodini alikuwa mama mchoma mkaa, ameumwa mguu, hana kadi, na mumewe alikuwa ameshauza mbuzi wawili kabla ya sindano ya kwanza. Nilimsikia usiku akihesabu kwa sauti ya chini vilivyobaki nyumbani. Dawa hii haipungui bei kwa sababu mgonjwa ni mdogo, maana mtoto hupewa kipimo kile kile cha mtu mzima: kinachopimwa ni sumu, na nyoka hakumpunguzia mtoto sumu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwa viongozi wa halmashauri, wetu na wa kwingine, naomba kila kijiji kijue kwa jina ni kituo gani kilicho karibu chenye sindano ya nyoka leo, si mwaka jana. Karatasi moja kwenye mlango wa zahanati, yenye jina la kituo na namba ya gari, inatosha. Sisi tulipoteza muda kuuliza. Wenzetu wa Watamu, Kenya, wana watu wanaoitwa kwa simu kuja kumwondoa nyoka nyumbani, bila malipo. Sioni kwa nini mkoa wenye msitu kama wetu usianze na watu wawili tu waliofunzwa.

Kwenu gazetini naomba ule ukurasa wa bustani uchapishwe tena kabla ya mvua za vuli, wakati watu wanaanza kufyeka na kutandaza, na safari hii uwe na kisanduku kidogo chenye mambo ya reki, tochi, gambuti, pete, banzi, na kutokufunga wala kuchanja. Kama nafasi ni finyu, toeni picha ya nyanya muweke hicho. Mwalimu mwenzangu anayefundisha hapa kijijini ameahidi kukata kipande hicho na kukibandika darasa la nne, maana watoto wa umri huo ndio wanaotumwa mboga jioni.

Jumamosi hii tunafyeka njia ya kisimani, kaya tisa. Nimewaomba tuanze saa tatu asubuhi badala ya alfajiri, na kila mtu aje na kitu chenye mpini mrefu. Mjukuu wangu atakuwepo, na ule mwiko ameuweka juu ya kabati la vyombo. Hatuusongei ugali tena.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.